Mama anasema hajawahi kufanya kazi. Je, ana lake shambani?

"Mama yangu ana miaka 63. Aliolewa akiwa na 22, akaingia kwenye shamba la baba, na hajatoka hapo. Amekamua, amepalilia, ametulea watoto watano, amemuuguza bibi mzaa baba mpaka akafariki. Kanisani amekuwa mweka hazina wa kina mama kwa miaka 19, na hakuna msiba unaopita bila yeye kuwa jikoni. Mwaka jana baba alipata kiharusi. Anaelewa, lakini maneno hayamtoki vizuri. Sasa kaka zangu wamepanga kikao cha kuzungumzia shamba. Nilipomuuliza mama anataka nini, akanijibu: 'Mimi sina langu hapo, shamba ni la baba yenu. Sijawahi kufanya kazi, nimekaa tu nyumbani.' Nililia. Je, ni kweli dunia inamhesabu hivyo? Na nikimwambia ana haki yake, si nitakuwa nimemwambia kwamba maisha aliyoyatoa kwa upendo yalikuwa ya kunyonywa?"

Dada yangu, umeuliza maswali mawili, na naona la pili ndilo linalokukosesha usingizi. Unaogopa kwamba ukiita alichofanya mama yako kazi, utakuwa umemnyang'anya upendo wake. Nitalijibu, lakini lazima nianze na lile la kwanza, kwa sababu bila hilo utaingia kwenye kikao cha kaka zako ukiwa na uchungu tu mkononi.

Nimewahoji wake wa wakulima kwa miaka mingi kuhusu siku zao zinavyokwenda. Hayo maneno ya "nimekaa tu nyumbani" nimeyasikia mara nyingi, na mara nyingi nimeyasikia nikiwa nimesimama, maana aliyekuwa akiyasema hakuwa na nafasi ya kukaa. Usidhani mama yako anajidharau. Anarudia jibu ambalo waliohesabu kazi za watu walilizoesha masikio yetu kwa vizazi kadhaa. Sensa ya Uingereza ya mwaka 1851 iliwaweka wake wa wakulima pamoja na watu wa kilimo. Kufikia sensa ya 1881 walikuwa wamehamishiwa kundi la watu wasio na kazi. Ng'ombe walikuwa bado wanakamuliwa alfajiri ileile, na mikono iliyowakamua ilikuwa ileile. Kilichohama ni jina lao, kutoka safu moja ya karatasi kwenda nyingine.

Wachumi wenyewe waliiona kasoro hiyo mapema. Mwaka 1920 Arthur Pigou aliandika kwamba mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linashuka, kwa kuwa kazi ileile imeacha kulipwa mshahara. Aliiona, lakini hesabu ikabaki vilevile. Hata kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zilizorekebishwa mwaka 1993 zimeweka mpaka wa ajabu: kuzalisha vitu kwa matumizi ya nyumbani kunahesabiwa, kuwahudumia watu wa nyumbani hakuhesabiwi. Maana yake, mama yako anapoteka maji na kuyabeba hadi nyumbani, yumo kwenye uchumi. Akiyabandika jikoni apike, ametoka. Akikamua ng'ombe anahesabiwa. Akimnywesha baba yako maziwa hayo kwa kijiko, hahesabiwi. Mpaka unapita katikati ya asubuhi yake moja, naye hajawahi kuuona.

Kipimo ninachokitumia mimi ni cha Margaret Reid, mwanauchumi aliyekitoa katika kitabu chake cha mwaka 1934 kuhusu uzalishaji wa kaya. Jiulize tu: je, shughuli hii ingeweza kufanywa na mtu mwingine aliyelipwa, na matokeo yakabaki yaleyale? Kama ndiyo, hiyo ni kazi, awe amelipwa mtu au hakulipwa. Pitisha miaka 41 ya mama yako kwenye kipimo hicho. Kupalilia, kukamua, kupika, kufua, kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda, kutunza daftari la fedha za kina mama: yote hayo angeweza kulipwa mtu ayafanye. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha vitu au kutoa huduma kwa ajili ya wengine au kwa ajili yako mwenyewe, na kwamba ajira ya mshahara ni aina mojawapo tu. Kujitolea kwa watu wa nje ya nyumba, kama vile kupika msibani na kushika hazina ya kanisa, kuna jina lake katika orodha hiyo. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi za matunzo zisizolipwa katika nchi 64 zilizopimwa zinakula saa bilioni 16.4 kila siku, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu fupi. Mama yako amefanya kazi tangu akiwa na miaka 22, na hajastaafu.

Hapa nataka kutaja jambo ambalo wenzangu wengi hulipita. Kipimo cha Reid kina upande wa pili, na upande huo unamlinda mama yako. Kuna vitu huwezi kumlipa mtu akufanyie. Hakuna anayeweza kuajiriwa afanye sala kwa niaba yako, wala amwimbie Mungu sifa badala yako, wala amlilie jirani yako kwa machozi yako. Mama anapohesabu sadaka na kuandika daftari, hiyo ni kazi. Anapopiga magoti, hiyo si kazi, ni yake yeye na Mungu wake, na hakuna mwanauchumi mwenye ruhusa ya kuingia pale na saa ya kupimia. Basi usiogope kwamba kuhesabu kutameza kila kitu.

Sasa nije kwenye hofu yako. Umeweka upendo upande mmoja na kunyonywa upande mwingine, kana kwamba lazima uchague. Mimi naona hivi: zawadi ni zawadi kwa sababu aliyeitoa alikuwa na kitu cha kutoa. Ukisema mama hakufanya kazi, umesema pia hakutoa chochote, alikuwapo tu. Ukiitambua kazi, ndipo utoaji wake unaonekana ukubwa wake. Kilicho na makosa si kwamba alitoa. Kosa litakuwa kama waliopokea watakaa kikaoni na kugawana matunda kana kwamba yaliota yenyewe.

Kwa kuwa mama yako ni mtu wa kanisa, mfungulie sura ya 31 ya Mithali. Najua husomwa sana kwenye sherehe za kina mama kuwahimiza waamke mapema. Lakini mwanamke wa sura ile analichunguza shamba na kulinunua, na mstari wa mwisho unaagiza apewe mapato ya mikono yake na asifiwe malangoni. Malango ya mji hayakuwa mahali pa kupigia soga. Ndiko wazee walikokaa kuamua mashauri. Katika sura ya 4 ya kitabu cha Ruthu, Boazi anakaa langoni na wazee kumi kulimaliza jambo la kipande cha ardhi cha mjane Naomi. Haki ya mwanamke juu ya shamba ilizungumzwa langoni, mchana, mbele ya mashahidi. Kwa lugha ya leo, lango hilo ndilo kikao cha kaka zako.

Kuhusu sheria, kuna makosa mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kudhani kwamba jina lisilokuwapo kwenye hati halina kitu. La pili ni kudhani kwamba mke ana nusu moja kwa moja popote alipo. Ukweli uko katikati na hutofautiana nchi hadi nchi, ila kesi tatu zitakuonyesha mambo yanavyokwenda.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Irene Murdoch, mke wa mfugaji wa Alberta. Alipoulizwa mahakamani alikuwa akifanya nini, alitaja kukata majani ya mifugo, kuendesha malori na matrekta, kutuliza farasi, kukata pembe, kuchanja, kupiga chapa. Mume alikuwa mbali kikazi takriban miezi mitano ya kila mwaka. Irene, aliyedai fungu katika ardhi hiyo, alishindwa. Majaji wanne dhidi ya mmoja walikubali kauli ya jaji wa awali kwamba alichofanya ni kazi ambayo mke yeyote wa mfugaji huifanya. Soma tena kauli hiyo, dada. Hawakubisha kwamba alifanya kazi. Walisema kwamba kwa sababu wake wote huifanya, haimpi fungu katika ardhi. Kanada ilighadhibika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 majimbo, Alberta likiwamo, yalikuwa yametunga sheria mpya za mali ya ndoa.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Wanaolinukuu shauri hilo husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mume kwa ajili ya biashara akazitapanya. Kwa hiyo kanuni inaweza kushinda na mtu akaondoka mikono mitupu. Kisa cha kila mtu hupimwa kwa ushahidi wake.

Ya tatu ni ya mwaka 2000, Uingereza, wakulima wawili wa ng'ombe wa maziwa, mume na mke, walioitwa White. Jaji wa kwanza aliona kwamba mke anahitaji nyumba na riziki, si fedha za kununulia shamba lake mwenyewe. Mabwana wa mahakama ya juu walikataa mtazamo huo wa kumpimia mke mahitaji huku mume akibaki na vingine vyote, wakasema jaji aupime mgao anaoukusudia kwa rula ya usawa kabla ya kukata shauri. Hata hivyo mama huyo hakupata nusu kamili, kwa sababu baba wa mume alikuwa amechangia katika shamba.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokuhusu zaidi. Umeandika "shamba la baba". Je, alirithi kabla ya ndoa, au lilinunuliwa baadaye, au kipande kimoja kilirithiwa na vingine vikaongezwa? Katika nchi nyingi jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu. Ardhi ya urithi mara nyingi hutengwa, lakini thamani iliyoongezwa na jasho la mke, kama miti aliyoipanda, kisima, zizi, mifugo iliyozaliana, inaweza kudaiwa. Angalia pia kwamba kesi zote tatu zilitokana na ndoa zilizovunjika. Ya mama yako haijavunjika. Baba yako yu hai, anaelewa, na nadhani anampenda. Mama ana nafasi ambayo mwenzake Irene hakuwa nayo: jambo linaweza kumalizwa kwa mapatano.

Njia zenyewe ziko chache. Mama anaweza kuandikwa kwenye hati kama mmiliki mwenza. Hapo muulize mwanasheria kwa makini kuhusu aina ya umiliki, kwa maana kuna ule ambao mmoja akifariki aliyebaki anachukua chote, na kuna ule ambao kila mmoja ana hisa yake inayokwenda kwa warithi wake. Baba anaweza kuandika wosia, ambao ni rahisi zaidi, lakini unaweza kubadilishwa au kupingwa, na katika nchi nyingi anayenufaika hapaswi kuwa shahidi. Njia ya tatu ni watoto kupewa ardhi huku mama akibakiziwa haki ya kuishi na kuvuna mpaka mwisho wa maisha yake. Familia nyingi huipenda hiyo kwa sababu inamaliza maneno. Mimi siipendi ikiwa peke yake. Nimeona mama akiwa na haki ya kuvuna shamba ambalo hawezi kuuza hata kona yake alipe hospitali, akibaki kuomba nauli kwa wanawe. Kama familia yenu itachagua hiyo, basi awe na kipande au mifugo iliyo yake kabisa, yenye jina lake. Kuacha mambo yalivyo pia ni uamuzi. Maana yake ni kuiachia sheria ya mirathi ya nchi yenu igawe, na hiyo mnapaswa kuijua kabla ya kuitegemea.

Kuhusu baba yako, tafadhali usikubali mtu aseme "mzee hajiwezi tena" kwa sababu tu hazungumzi vizuri. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayotoa maneno na kuacha akili ya kupima mambo ikiwa nzima. Kinachotakiwa kisheria kwa kawaida ni aelewe jambo, alikumbuke kwa muda wa kutosha kuamua, alipime, na aonyeshe uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kichwa au kidole. Kinyume chake pia ni kweli: kuna anayetamka vizuri lakini hafuatilii tena. Basi daktari amwone na aandike alivyomkuta, karibu iwezekanavyo na siku ya kutia sahihi, ikiwezekana siku ileile. Maswali yaulizwe mafupi, moja moja, asubuhi akiwa hajachoka. Na kiharusi cha pili hakitoi taarifa, kwa hiyo usingoje mavuno yapite.

Kabla ya hapo, kusanya kumbukumbu. Usimwandikie baba ankara ya miaka 41. Itamuumiza na haitamsaidia mama. Lakini kaa na mama jioni moja na daftari, umuulize juu ya jana. Jana tu, usimuulize "kwa kawaida", maana kawaida humeza nusu ya kazi. Uliamka saa ngapi? Ukafanya nini kwanza? Na huku ukifanya hilo, nani alikuwa mgongoni, nini kilikuwa motoni? Usiku baba alikuamsha mara ngapi? Fanya hivyo kwa siku kadhaa, na Jumapili moja iwemo. Kisha muulize historia: ng'ombe wa kwanza alipatikanaje, ada ya kaka mkubwa ilitoka wapi, nani alisimamia mavuno mwaka baba aliposafiri. Tafuta stakabadhi za mauzo, daftari la kikundi cha akiba, majirani wanaokumbuka. Mtu aliyetunza fedha za wengine miaka 19 bila senti kupotea ana kumbukumbu kuliko unavyodhani. Ila ya kwake hajawahi kuiandika.

Mwone mwanasheria wa ardhi na mirathi ana kwa ana kabla ya kikao. Mimi si wakili, na niliyoandika hapa hayatoshi kusaini karatasi yoyote. Kama hamna uwezo wa kumlipa, ulizeni mahakamani au kwenye vyama vya wanasheria kuhusu msaada wa kisheria wa bure. Mwone siku hiyohiyo ikiwa mtu yeyote amemletea mama karatasi aweke dole gumba bila kusomewa, ikiwa hati imehamishwa mahali ilipokuwa, au ikiwa kuna vitisho. Mchungaji au mzee wa kanisa anafaa sana kuongoza mazungumzo, hasa mtu ambaye kaka zako wanamheshimu. Hawezi kuchukua nafasi ya wakili, wala shinikizo la "samehe tu, mama" lisipite kwa mlango huo.

Na mama mwenyewe apimwe. Mwanamke wa miaka 63 anayemgeuza mwanamume mzima kitandani, huku bado akikamua na kwenda misibani, anahitaji daktari amtazame mgongo, presha na usingizi. Akianza kuacha kula, akilia bila sababu, asipolala hata baba anapolala, usiseme ni uzee. Kama ni maumivu ya kifua, apelekwe mara moja. Misibani anaweza kuendelea kwenda. Ningemwomba tu kwa mwaka huu akae na wafiwa, na sufuria wazishike vijana.

Sasa, utamwambiaje? Usianze na neno haki. Usianze na kaka zako pia, maana atawatetea, ni wanawe. Anza na wajane aliowahudumia. Katika miaka yote hiyo jikoni misibani ameona yaliyofuata baada ya watu kuondoka: nani alibaki na nyumba, nani aliondolewa, nani alikuja kuomba kwenye hazina ya kina mama na daftari analo yeye. Anayajua haya kuliko mimi na wewe. Muulize juu ya mmoja wao, umwache aeleze mpaka amalize. Kisha umuulize angependa baba awe ameandika nini kwa ajili ya mama yule. Atakalojibu, liandike kwa maneno yake, na ndilo mkampelekee baba, nyinyi wawili, asubuhi, kabla kaka zako hawajafika.